Vishikwambi 15, wanafunzi 45, intaneti ya kusuasua: vitumikeje ili vifundishe kweli?

chaki_na_kioo

Wakuu, habari za kazi.

Naomba ushauri wa wanaofundisha kwa simu na vishikwambi, hasa wale ambao intaneti yao si ya kutegemea. Hali iko hivi: darasa la sekondari lina wanafunzi 45, na masomo yanayohusika ni hisabati na fizikia. Vifaa vilivyopo ni vishikwambi 15 vya Android (skrini inchi 8, hifadhi GB 32, betri mAh 5000), kompyuta mpakato moja ya Windows na ruta moja ya kawaida. Mtu mmoja akiingia mtandaoni intaneti inatosha, ila wakiingia 15 kwa mpigo inalala kabisa.

Kwa sasa kila kundi la wanafunzi watatu linapewa kishikwambi, linafungua PDF ya kitabu au kutazama video. Kasoro zinazoonekana ni hizi: aliyeshika kifaa ndiye anayejifunza na wenzake wanachungulia, PDF haisomeki mpaka uivute na kuisukuma huku na huku, na kipindi cha dakika 40 kinaanza dakika ya 15 kwa sababu ya kuhangaika na kuunganisha.

Maswali yangu:

1. Naweza kuwa na mtandao wa ndani usiotegemea intaneti? Hatua zake ni zipi?
2. Kifaa kimoja kwa wanafunzi watatu kinatumikaje bila wawili kubaki watazamaji?
3. Kuna mazoezi ya vitendo ya fizikia yanayofanyika kwa kifaa chenyewe?
4. Wanafunzi ambao nyumbani kuna simu ya vitufe tu wafikiwe vipi?

Natanguliza shukrani.

---

waya_na_mawimbi

Mwalimu, swali la kwanza nalichukua mimi. Inawezekana, na vifaa ulivyonavyo vinatosha. Kinachokosekana ni mpangilio tu.

Kwanza, usijaribu kuifanya kompyuta igawe Wi-Fi yenyewe. Windows inaruhusu vifaa 8 tu kwenye mtandao inaougawa, cha tisa kinakataliwa. Simu nyingi za Android nazo huishia 10. Ndiyo maana ruta inahitajika hata kama haina intaneti hata chembe. Kazi ya ruta hapa ni kuunganisha vishikwambi na kompyuta, basi.

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, na waya uingie kwenye tundu la LAN, si lile la WAN linalopokea intaneti. Kosa hili ni la kawaida mno: waya ukiwa kwenye WAN taa zote zitawaka vizuri, lakini hakuna kishikwambi kitakachoiona kompyuta. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta ufanye mambo manne. Zima kipengele kinachotenga vifaa visionane (ruta nyingi hukiwasha kwenye mtandao wa wageni). Ipe kompyuta anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.10, ili isibadilike kila ruta inapozimwa. Panua idadi ya anwani zinazogawiwa, kwa sababu baadhi ya ruta hutoa 50 tu na kuzishikilia saa 24. Madarasa matatu yakipokezana siku moja yakiwa na simu zao, la tatu linakosa anwani na wanafunzi wanaona neno "inaunganisha" lisilokwisha. Weka anwani 200 na muda wa saa 2. Mwisho, kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 yenye upana wa 20 MHz, maana hizo tatu ndizo haziingiliani. Kama vishikwambi vinapokea 5 GHz, tumia hiyo ndani ya chumba. Haipenyi kuta vizuri lakini darasani ni safi zaidi.

Ruta iwekwe juu, zaidi ya kimo cha mtu. Miili ya watu hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz, na ruta iliyo mezani nyuma ya wanafunzi 45 ni kama imefunikwa blanketi.

Sasa seva, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa. Kwenye kompyuta sakinisha Kolibri, programu ya masomo ya Learning Equality. Ni ya bure na imetengenezwa kwa mazingira kama yako. Masomo yamo kwenye chaneli (hapa ni mafungu ya masomo, si zile za Wi-Fi): unazipakua mara moja pale intaneti inapokuwa nzuri, au unazileta kwa diski kutoka kompyuta nyingine yenye Kolibri. Usipakue chaneli nzima ya video, utajaza diski bure. Fungua chaneli, chagua mada za muhula huu tu. Chaneli ya PhET (majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder) ichukue hata kama huchukui kitu kingine, kwa sababu mafaili yake ni madogo na hufanya kazi bila intaneti. Vishikwambi vitaifikia Kolibri kwa kivinjari tu, kwa kuandika http://192.168.1.10:8080. Andika anwani hiyo kwenye karatasi ubandike ukutani, na kwenye kila kishikwambi iweke kama alama kwenye skrini ya mwanzo.

Wafungulie wanafunzi akaunti kwa jina tu, na kwenye mipangilio ondoa sharti la nenosiri kwa mwanafunzi. Nenosiri lililosahaulika hula dakika nyingi kuliko hitilafu yoyote ya mtandao. Akaunti ya mwalimu na ya msimamizi zibaki na nenosiri, tena refu.

Vishikwambi visipoiona seva, kagua haya kwa mfuatano:

- Windows imeutambua mtandao kama wa umma, kwa hiyo ngome yake (firewall) inazuia lango 8080, ile namba ya mwisho kwenye anwani ya Kolibri. Ubadilishe uwe mtandao binafsi.
- Kompyuta imelala. Zuia isilale ikiwa kwenye chaji, na hata kifuniko kikifungwa.
- Kifaa chenye laini kimegundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, kikahamia kwenye data kimyakimya. Hili ndilo linalosumbua kuliko yote, hasa kwenye simu za wanafunzi. Dawa yake: washa hali ya ndege, halafu washa Wi-Fi peke yake. Kifaa hakina tena pa kuhamia, na simu hazilii darasani.

Kuhusu video, fanya hesabu kabla. Ruta ya kawaida kwenye 20 MHz hutoa kasi halisi ya Mbps (megabiti kwa sekunde, kila moja ni kbps 1000) 20 hadi 30, na wote wanagawana. Vishikwambi 15 vikicheza video ya kbps 500 kwa wakati mmoja ni Mbps 7.5, inapita bila shida. Ukiweka video ya Mbps 3 kama ilivyotoka kwenye kamera, unahitaji 45, na hapo kila skrini itaganda. Zipunguze kwanza kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubana video:

`ffmpeg -i somo.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -ac 1 -b:a 48k somo_dogo.mp4`

Somo la dakika 8 lenye ubao na sauti, lisilo na picha za kwenda mbio, mara nyingi hutoka na MB 10 hadi 15. Maandishi yakionekana na ukungu, shusha ile 28 ya -crf iwe 25.

---

swali_kwanza

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa mtandao. Mimi niende kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito, kwa sababu mtandao ukikaa sawa na kipindi kikabaki kilekile, mwanafunzi atatazama PDF kwa kasi zaidi, si zaidi ya hapo.

Watatu kwa kifaa kimoja si tatizo. Tatizo ni kwamba anayeshika ndiye anayeamua. Tenganisha mambo hayo mawili. Kwenye kila kundi kuwe na mshika kifaa, mwamuzi na mwandishi. Mshika kifaa haruhusiwi kubonyeza chochote ambacho mwamuzi hajakisema kwa sauti, na mwamuzi lazima aseme sababu: "ongeza ukinzani, nataka kuona mkondo ukipungua." Mwandishi anaandika utabiri kabla ya kubonyeza na kilichotokea baada ya kubonyeza, kwenye daftari, kwa kalamu. Zunguka nafasi kila baada ya dakika 6 au kila swali, mwalimu akipiga makofi mara moja. Sheria ya mshika kifaa kutokuamua inabadilisha darasa siku hiyohiyo, maana fikra inalazimika kupita mdomoni ndipo ifike kwenye kioo.

Chukua mfano wa saketi kwenye PhET. Kabla vishikwambi havijawashwa, chora ubaoni betri ya volti 9 na balbu mbili za omu 10 zilizofuatana mstari mmoja. Uliza: balbu ipi itawaka zaidi? Wengi watasema ya kwanza, kwa imani kwamba mkondo "hutumika" ukipita. Waandike. Ndipo wafungue, wajenge, waweke amita kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Kote watasoma ampea 0.45. Hapo kelele itapanda darasani, na ni kelele njema, usiizime. Kisha waziunganishe sambamba: kila balbu 0.9, jumla 1.8. Swali linalofuata ni kwa nini betri ileile sasa inatoa mkondo mara nne. Hiyo ni dakika 25 za kazi kwa kifaa kimoja, na hakuna aliyekaa bure.

Ukianza na kifaa kabla ya utabiri, umepoteza. Wataona 0.45, wataandika 0.45, na imani yao ya zamani itabaki haijaguswa.

Jambo la pili ambalo kifaa hufanya na ubao hauwezi: kujua kila mmoja anafikiri nini, si wale watano wanaonyosha mikono. Hapa huhitaji hata vishikwambi 15. Plickers, programu ya kukusanya majibu ya darasa, inatumia simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wa miraba, na upande anaouweka juu ndio jibu lake, A, B, C au D. Mwalimu anapitisha kamera darasani, majibu yanasomwa kwa sekunde chache. Seti ya kawaida ina kadi 40. Kwa wanafunzi 45 chapisha ile ya kadi 63. Mambo mawili huharibu: vidole vinavyofunika ukingo wa mchoro, na plastiki ya kung'aa inayorudisha mwanga wa dirisha. Chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, na wafundishe kushika kwenye pembe. Simu ya mwalimu inahitaji intaneti, lakini kidogo sana, na wewe umesema mtu mmoja anaipata.

Nguvu ya kifaa hicho inategemea swali. Usiulize swali ambalo majibu potofu yake yamewekwa kujaza nafasi tu. Mfano, 0.3 × 0.2: A 0.6, B 0.06, C 0.5, D 0.006. Aliyechagua A hajui mahali pa nukta, wa C amejumlisha, wa D amehesabu sifuri kupita kiasi. Ukiona matokeo unajua la kufundisha dakika hiyohiyo. Eric Mazur wa Harvard, aliyeanza mtindo huu kwenye fizikia mwaka 1991, alikuwa na kanuni inayofanya kazi hadi leo: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudia maelezo kwa njia nyingine, wakiwa kati ya 30 na 70, waache wajadiliane na jirani dakika mbili kisha wapige kura tena bila wewe kutaja jibu, wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele. Kosa la walimu wengi ni kuonyesha jibu sahihi baada ya kura ya kwanza. Ukishalionyesha, mjadala umekufa.

PDF: ukurasa wa A4 haukutengenezwa kwa skrini ya inchi 8. Kama notsi ni zako, badilisha ukubwa wa ukurasa uwe A6 (milimita 105 kwa 148), pambizo milimita 6, herufi 11 au 12, kisha hifadhi kama PDF. Itajaa skrini bila kuvuta. Kama ni maandishi tupu bila milinganyo mingi, EPUB ni bora zaidi kwa sababu maneno hujipanga upya kulingana na skrini, na asiyeona vizuri anakuza herufi bila kupoteza mstari. Milinganyo ya hisabati kwenye EPUB huvurugika kwenye visomaji vingi, hiyo ibaki PDF.

---

chaki_na_kioo

Asanteni sana. Ile ya mshika kifaa kutokuamua inaingia kwenye andalio la somo mara moja.

Swali dogo kwa @waya_na_mawimbi: kuchaji vishikwambi 15 kunahitaji umeme kiasi gani? Umeme unaweza kukosekana mchana mzima.

Na fizikia ya vitendo je? Maabara ina rula, nyuzi na mawe ya mizani, saa za kusimamisha ni mbili tu.

---

g_tisa_nukta_nane

Fizikia hiyo nipe mimi. Kila kishikwambi ulichonacho kina maikrofoni, na karibu vyote vina kihisi cha mchapuko. Hiyo ni maabara tayari.

Sakinisha phyphox, programu ya kupimia kwa vihisi vya simu, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen. Ni ya bure na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Pakua faili la usakinishaji mara moja, kisha ligawe kwa mtandao wa ndani. Ukiifungua, vipimo ambavyo kifaa hakina kihisi chake huonekana vimefifia. Vishikwambi vya bei ndogo mara nyingi havina kihisi cha mzunguko wala cha usumaku, kwa hiyo usipange somo la usumaku kabla ya kukagua.

Anza na saa ya sauti: inaanza kuhesabu ikisikia kishindo cha kwanza, inasimama ikisikia cha pili.

Kupima g (mchapuko wa uvutano): laza rula itokeze nje ya ukingo wa meza, weka gololi juu ya ncha yake, mita 1.25 kutoka sakafuni. Gonga rula kwa pembeni kwa kitu kigumu. Kishindo kinaanzisha saa na papo hapo gololi inabaki hewani. Ikigonga sakafu saa inasimama. Unatarajia sekunde 0.505. Kutoka h = ½gt², g = 2h/t².

Yanayoharibu jaribio hili nayajua kwa mpangilio wake. La kwanza ni kiwango cha sauti: kikiwa chini, maongezi ya kundi la jirani yanasimamisha saa, kikiwa juu, gololi haisikiki. Weka trei ya bati sakafuni na upandishe kiwango taratibu mpaka mazungumzo yasiiguse. La pili ni mwangwi wa kishindo cha kwanza kuhesabiwa kama kishindo cha pili, na unapata sekunde 0.02. Weka muda mdogo wa kusubiri uwe sekunde 0.2. La tatu wengi hawalioni: mahali kifaa kilipo. Kikiwa mezani karibu na rula, sauti ya sakafuni inachelewa takriban milisekunde 3.6 kusafiri mita 1.25, na g inashuka hadi karibu 9.66. Kiweke mahali ambapo umbali wa kwenda kwenye rula na wa kwenda kwenye trei unalingana, ucheleweshaji unafutana. Waache wanafunzi wapate 9.66 kwanza, kisha waulize kosa liko wapi. Swali hilo lina fizikia nyingi kuliko jibu la 9.81.

Kasi ya sauti: vishikwambi viwili, mita 5 kati yake, uwanjani mbali na kuta. Vyote viwe kwenye saa ya sauti. Mwanafunzi aliye kando ya kwanza anapiga kofi, saa zote zinaanza, lakini ya mbali inaanza ikiwa imechelewa. Baada ya kama sekunde moja, wa kando ya pili anapiga lake. Sasa ya kwanza ndiyo inachelewa kusimama. Tofauti ya usomaji wa saa mbili ni muda wa sauti kusafiri mita 10, yaani takriban milisekunde 29. Gawanya 10 kwa 0.029 unapata karibu 345. Rudieni mara 10 mchukue wastani, mkitupa usomaji ulio mbali kabisa na mingine, na muandike kwa nini mmeutupa. Kofi lipigwe usawa wa kifaa, si juu ya kichwa. Nusu mita ikiongezeka upande mmoja inaonekana kwenye jibu.

Penduli ni rahisi zaidi: kishikwambi ndani ya mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwa nyuzi mbili ili kisizunguke, pembe isizidi nyuzi 10. Urefu upimwe hadi katikati ya kifaa, si hadi mwanzo wa mfuko. Mita 1 inatoa sekunde 2.0. Simu ndogo inafaa zaidi kuliko kishikwambi hapa, na weka mto chini.

Data ya kila jaribio itoe kama faili la jedwali, wachore grafu kwa mkono. Wakiachiwa programu ichore, watajua grafu ilivyo lakini hawatajua kuchagua kipimo cha mhimili.

---

meseji_160

Swali la nne limeachwa, nalijibu. Nyumba yenye simu ya vitufe isihesabiwe kama nyumba isiyo na kifaa. Tofauti ni kwamba nafasi ni finyu, kwa hiyo unachotuma lazima kipimwe.

SMS moja hubeba herufi 160, lakini zikiwa herufi za kawaida tu. Ukiingiza hata alama moja isiyo kwenye orodha ya msingi, ujumbe wote unageuka na kubeba 70 tu. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng'. Ukiandika "ng'ombe" kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, kile kikoma cha juu hupindwa chenyewe, na kikoma kilichopinda hakimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliodhani ni mmoja unatumwa kama vipande vitatu, na kwa wazazi 45 ni meseji 135 badala ya 45. Nyoosha vikoma vyote kabla ya kutuma. Kwenye hisabati, alama za ×, ÷, √ na ² nazo hazimo. Andika x kwa kuzidisha, / kwa kugawanya, "kipeo 2" kwa maneno. Ujumbe mrefu ukiunganishwa, kila kipande hubeba 153, si 160, kwa sababu nafasi 7 hutumika kuunganisha vipande.

Meseji moja, swali moja. Mfano: "Hisabati Jtatu: Shati limepunguzwa bei kwa 15%. Bei mpya ni 8500. Bei ya zamani? Andika njia daftarini. Jibu kesho darasani." Hiyo haifiki herufi 140. Jibu usilitume jioni hiyohiyo.

Ila usitegemee meseji peke yake. Utafiti uliofanyika Botswana mwaka 2020 shule zilipofungwa ulilinganisha familia zilizopata meseji tu na zilizopata meseji pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20 kwa wiki. Watoto wa kundi la simu waliongeza uwezo wa hesabu, na wa meseji tu hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kwa wanafunzi 45 huwezi kumpigia kila mmoja, lakini wale sita au saba walio nyuma kabisa unaweza. Kwenye simu usifundishe somo zima. Mwombe mwanafunzi asome swali, akueleze hatua yake ya kwanza, kisha umpe moja gumu kidogo. Mzazi awe amekaa karibu, asikie.

---

mlezi_wa_taaluma

Naongeza moja ambalo halijaguswa, nidhamu ya kifaa. Kwenye PISA 2022, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi inayoendeshwa na OECD (shirika la nchi nyingi zilizoendelea), wastani wa nchi za OECD ni kwamba asilimia 65 ya wanafunzi walisema hukengeushwa na vifaa vyao katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati, na asilimia 59 na vifaa vya wenzao. Hiyo ya pili ndiyo inanigusa, kwa sababu mtoto makini anaumizwa na skrini isiyo yake.

Vishikwambi vya shule visitolewe mwanzoni mwa kipindi. Vitoke baada ya utabiri kuandikwa, virudi kabla ya majadiliano ya mwisho, na wakati mwalimu anaongea viwe vimelala uso chini katikati ya meza. Android kuanzia toleo la 5 ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini: iwashe kwenye mipangilio ya usalama, na weka sharti la PIN kabla ya kubandua. Bila PIN, mwanafunzi hubandua kwa vitufe viwili. Fungeni pia arifa zote.

Picha za wanafunzi zisipigwe wala kutumwa kwenye makundi ya wazazi bila ridhaa ya mzazi, hata kama ni picha za jaribio zuri. Namba za simu za watoto hazina kazi kwenye akaunti za Kolibri, jina linatosha.

---

waya_na_mawimbi

@chaki_na_kioo, kuhusu umeme. Betri ya mAh 5000 kwa volti 3.8 ni kama Wh 19 (wati-saa). Mara 15 ni Wh 285, ongeza upotevu wa chaja na nyaya, weka Wh 350 kwa kujaza vyote kutoka sifuri. Kwa vipindi viwili vya dakika 40 kwa siku hutafika sifuri, kwa hiyo kuchaji kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha ukizima Wi-Fi nje ya vipindi na mwanga wa skrini ukiwa nusu. Ruta ndogo hula takriban W 5 hadi 10, kompyuta W 30 hadi 50. Betri ya akiba ya Wh 300 inaendesha seva na ruta asubuhi nzima.

Chaja yenye matundu mengi isome ampea za jumla, si za kila tundu. Ile iliyoandikwa matundu 10 lakini ampea 6 kwa jumla itachaji kila kishikwambi kwa ampea 0.6, na asubuhi utakuta nusu havijajaa. Nyaya nyembamba ndefu nazo hupunguza mkondo. Mita 1 au pungufu inafaa. Wakati wa kuchaji visipangwe kimoja juu ya kingine, joto ndilo linaloua betri. Likizo ndefu viache kwenye asilimia 50 hivi, vikiwa vimezimwa. Vikiachwa sifuri miezi miwili, baadhi havitawaka tena.

---

chaki_na_kioo

Nimeelewa. La mwisho kabisa: kompyuta ikiharibika, kumbukumbu za wanafunzi kwenye Kolibri zinapona?

---

waya_na_mawimbi

Zinapona ukiwa na nakala. Masomo yanaweza kupakuliwa tena, lakini majina, madarasa na alama kwa kawaida ziko kwenye folda iitwayo .kolibri ndani ya folda ya mtumiaji. Funga Kolibri kwanza, ndipo unakili. Ukinakili ikiwa inaandika, nakala inaweza kuwa na kasoro na hutajua mpaka siku ya kuihitaji. Ndani yake folda ya content ndiyo nzito, iache. Vilivyobaki ni vidogo, vinaingia kwenye flashi bila shida. Fanya kila Ijumaa, kwa flashi mbili za kupokezana, moja ikae nje ya chumba chenye kompyuta. Na mara moja kwa muhula, jaribu kurejesha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama majina yote 45 yanaonekana.